Pembetatu ya Ndila

Jumatatu, Aprili 28

Muhula wa pili umefunguliwa, na mimi nimeufungua kwa ugomvi. Katika mkutano wa walimu Levi, naibu wa mwalimu mkuu, alisoma matokeo ya hisabati ya kidato cha nne polepole kana kwamba anasoma tangazo la kifo. Wastani D ya chini. Akafunga faili, akaniambia kwa upole wake ule unaoudhi kuliko matusi, "Mwalimu Wavinya, labda umechoka. Kuna kijana anakuja kutoka chuo, tunaweza kumpatia hiyo darasa."

Kuchoka! Mimi ninayepanda mlima huu wa Kathiani kila asubuhi kwa miguu, nikimkuta yeye langoni akishuka pikipiki na kuhema. Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Nipe mpaka mtihani wa pamoja wa Julai. Wasipofika C, chukua darasa." Walimu wakakohoa. Levi akaandika. Sasa imeandikwa na siwezi kuimeza tena.

Watoto wenyewe ni ishirini na wawili. Nimekuwa nao tangu kidato cha kwanza na siko tayari kumpa mtu.

Jumatano, Aprili 30

Mvua kutwa. Mabati ndiyo yaliyofundisha, mimi nilinyamaza.

Ijumaa, Mei 2

Nimewapa jaribio la swali moja tu. Kuna pembe ambayo saini yake ni tatu juu ya tano. Kosaini yake ni ngapi? Kikokotoo hakiruhusiwi, jedwali haliruhusiwi.

Ukiwa na kikokotoo unabonyeza, kinaigeuza saini kuwa pembe, unabonyeza tena, kinakupa jibu, na wewe umebaki mjinga vilevile. Bila kikokotoo inabidi uchore pembetatu yenye pembe mraba. Ukuta uliosimama mbele ya pembe yako ni tatu, mteremko ni tano, basi kwa kanuni ya Pithagora sakafu ni nne. Kosaini ni sakafu juu ya mteremko, nne juu ya tano. Kwisha. Uzuri wake ni kwamba huihitaji pembe yenyewe hata kidogo. Hujui ni digrii ngapi na hujali, lakini umeshajua kila kitu kuihusu. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado hunisisimua.

Darasani halikumsisimua mtu. Watatu walipata. Musembi, kijana wangu mwenye akili na mdomo mrefu, alipata kisha akalala. Ndila, msichana mrefu anayekaa nyuma karibu na dirisha lisilo na kioo, alileta karatasi yenye jina lake tu.

"Ndila, hii ni nini?"

"Mwalimu, mimi hiyo pembe siioni," alisema. "Nikifunga macho siioni, nikifungua siioni."

Nimerudi nyumbani nimeshika tama. Muthoka, mume wangu, amepiga simu kutoka Mlolongo anakofanya kazi akaniuliza mbona sauti yangu iko chini. Nikamwambia ni baridi.

Jumamosi, Mei 3

Leo mwethya ilikuwa zamu ya Kalunde, mama yake Ndila. Mwethya ni kikundi chetu cha kina mama. Tunachimbiana matuta kwa zamu ili mvua isiteremshe udongo wetu wote mtoni. Masharti yetu hayabembelezi mtu. Shamba lililoharibika zaidi ndilo huchimbwa kwanza. Linachimbwa jinsi anavyotaka mwenyewe, si jinsi unavyochimba kwako. Na hakuna anayekwenda nyumbani mpaka mwenye shamba amalize kipande cha mwisho kwa mkono wake, sote tukimtazama.

Kule mimi si Mwalimu, ni mama Muindi, na jembe langu huchekwa.

Ndila alikuwa ameshika kamba yenye pima maji. Nilipofika karibu naye kuvuta pumzi niliona kitu kikanisimamisha. Ukuta wa tuta umesimama wima. Kamba iko sawa na sakafu. Mteremko wa zamani unashuka kutoka juu ya ukuta mpaka miguuni pake.

"Ndila," nikamwambia, "hiyo ndiyo pembetatu yangu ya jana."

Akatazama kamba. Akatazama ukuta. "Hii?"

"Hiyo."

"Aiya! Basi mbona hukusema?"

Mama yake akacheka mpaka akaegemea jembe. "Mama Muindi, umenipigia mtoto kelele miaka mitatu juu ya kitu amezaliwa ndani yake?" Kina mama wote wakanicheka, nami nikacheka. Lakini njiani nilikuwa nawaza upesi, na wazo langu limekaa vizuri.

Jumatatu, Mei 5

Nimeanzisha mwethya ya hisabati. Kila siku baada ya masomo darasa zima linachimba shamba la mtu mmoja, yaani swali linalomshinda. Hakuna wa kwenda nyumbani mpaka mwenyewe asimame ubaoni alimalize peke yake. Musembi alilalamika: "Mwalimu, mimi sina shida, niko na mpira." Nikamwambia katika mwethya mwenye shamba zuri ndiye hutoa jasho zaidi. Akarudi akaketi.

Zamu ya kwanza nilimpa Ndila, maana shamba lake ndilo lililoharibika zaidi. Alichora taratibu, ulimi umetoka nje kidogo. Ukuta akauweka kushoto. Sakafu ikaja kulia, na pembe yetu ikawa kwenye ncha ya kulia, pale mteremko unapogusa sakafu. Katika vitabu vyote ukuta huwa kulia. Nikamuuliza kwa nini kushoto.

"Nikisimama mlangoni kwetu kilima kiko kushoto."

Basi kilima kikakaa kushoto. Shamba huchimbwa atakavyo mwenyewe. Pale kwenye pembe mraba, mahali pa kuweka kile kijiboksi kidogo, alichora kijembe. Wote wakachora kijembe. Saa kumi na moja na nusu Ndila alisema mbele ya wenzake, "Kosaini ni nne juu ya tano," na darasa likapiga makofi ambayo sijawahi kuyasikia katika somo langu. Nimerudi nyumbani kichwa kimevimba na sitaki kipungue.

Alhamisi, Mei 8

Matope. Zamu ya Nthambi. Alimaliza.

Jumatano, Mei 21

Musembi anapenda kutega watu. Leo aliandika ubaoni: "Saini ya pembe ni saba juu ya nne. Tafuta tanjenti." Akampa Ndila chaki huku akitabasamu. Ndila alichora ukuta, akaandika saba. Akashika mteremko, akaandika nne. Kisha akasimama, mkono hewani.

"Hii haijengeki," alisema. "Mteremko hauwezi kuwa mfupi kuliko ukuta. Labda kwenu, Musembi."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Tangu leo wamejiwekea sharti: kabla ya kutafuta chochote, mtu anaangalia kama mteremko ndio mrefu, kisha anaandika pembeni "inajengeka". Sikuwafundisha mimi. Nimekaa hapa nalirudia neno hilo peke yangu na kutabasamu kama mwendawazimu.

Jumanne, Juni 10

Ukungu haukuondoka mpaka saa sita. Watoto wamejifunika masweta mpaka puani. Nimewakumbusha kuhusu pembe butu, zile zinazozidi tisini, kwamba kosaini yake huwa hasi. Wakaitikia "ndiyo" kwa pamoja, nikasonga mbele.

Jumamosi, Juni 14

Kikao cha kupanga mtihani wa pamoja wa shule tano, Machakos mjini. Mkuu wa wasahihishaji wa hisabati ni Kiragu, anayefundisha shule ya bweni ya huko mjini. Mtu mwembamba, maneno machache, kalamu nyekundu mfukoni. Swali langu alilisoma mara tatu kabla ya kulikubali, hata ahsante hakusema. Anajiona. Nami najiona, kwa hiyo tuliketi mbali mbali.

Jumamosi, Juni 28

Likizo fupi. Muthoka amekuja. Tumevuna maharagwe ya masika. Usiku alinisikia nikihesabu usingizini.

Ijumaa, Julai 4

Zamu za wote zimekwisha. Leo nilitoa swali lilelile la Mei, namba tu nimebadilisha. Tanjenti ya pembe ni mbili juu ya tatu, tafuta saini. Kalamu ishirini na mbili zilishuka pamoja. Ukuta mbili, sakafu tatu, mteremko kipeuo cha pili cha kumi na tatu, inajengeka. Nilipita kati ya madawati mikono nyuma, sikupata la kusahihisha. Levi alichungulia mlangoni, nikamfungulia mlango wote aone.

Jumatano, Julai 9

Wamefanya mtihani. Wametoka wanacheka. Ndila alinipungia mkono kutoka mbali.

Jumatano, Julai 16

Nitaandika yote.

Nilikuwa chumba cha walimu nikinywa chai Kiragu alipoingia na bahasha kubwa. Hakusalimu kwa maneno mengi. Akapanga karatasi za watoto wangu mezani, moja baada ya nyingine, zote zimefunguliwa ukurasa mmoja.

"Mwalimu, angalia."

Niliangalia na moyo ukanijaa. Vijembe ishirini na viwili. "Inajengeka" ishirini na mbili. "Si wamependeza?" nikamwambia.

"Angalia swali la kumi na nne."

Swali lilisema: pembe ni butu, na saini yake ni tano juu ya kumi na tatu. Bila kikokotoo, tafuta kosaini. Jibu ni hasi kumi na mbili juu ya kumi na tatu. Wangu wote walikuwa wameandika kumi na mbili juu ya kumi na tatu, bila hasi. Wote. Pamoja na Musembi.

"Kufanana kwa jibu sahihi si kitu," alisema Kiragu kwa sauti ya chini. "Jibu sahihi ni moja. Lakini makosa ni mengi, na shule zingine nne kila mtoto amekosa kivyake. Hawa wako wamechagua kosa moja wote, na mchoro mmoja, na neno moja. Nimesahihisha miaka mingi. Hii ninajua inaitwaje."

"Unawaita watoto wangu wezi?"

"Sijaita. Nimepanda mlima kuuliza."

Levi alikuwa ameshafika, sijui nani alimwita. Akaziona karatasi akafunga macho. "Utaratibu ni kufuta hisabati yote na kuandika ripoti," alisema. "Na darasa, Mwalimu, unajua tulivyosema."

"Utaratibu ni kuuliza kwanza," Kiragu akamjibu, bila hata kumtazama.

Nilipaza sauti. Niliyosema sitayaandika. Nilieleza mwethya, nikaeleza kilima cha kina Ndila, nikachukua chaki nikaenda kwenye ubao wa ratiba ili niwaonyeshe wawili hawa jinsi darasa langu linavyochora. Nikachora ukuta kushoto. Sakafu. Mteremko. Kisha nikapitisha mstari wa namba chini yake, sufuri ikiwa kwenye pembe, na chaki ikakwama mkononi.

Nililiona hapo hapo, na nikalionea aibu na kulifurahia kwa wakati mmoja. Mtoto aliyezoea ukuta wa kulia, akipewa pembe butu, pembetatu yake humgeukia kushoto, upande wa hasi. Kule kugeuka ndiko kunakomshtua akumbuke alama ya kutoa. Pembetatu yetu imeelekea kushoto tangu Mei. Hakuna kilichogeuka. Watoto wangu wametazama pembe butu wakaona nyumbani kwao. Hakuna darasa lingine duniani ambalo lingekosa hivi, na mimi, na miaka yangu yote, nilipita kati ya madawati mikono nyuma sikuona.

Niliwaeleza. Kiragu alitazama ubao muda mrefu, akatoa kalamu nyekundu, akairudisha.

"Inawezekana," alisema. "Ni maelezo mazuri sana. Lakini ni yako, si yao. Nitarudi Jumatatu, nichague watoto mwenyewe, mmoja mmoja, maswali mapya. Na Mwalimu, usiwaambie kosa. Kama kosa ni lao, watalirudia. Kama waliibiana, hawawezi kulirudia kila mtu akiwa peke yake na namba zake."

"Na wakipata sawa?" Levi akauliza.

"Basi nitajua Mwalimu amewaambia."

Kwa hiyo nimeambiwa ninyamaze. Nijue walipokosea na nisiseme. Nimtazame mtoto akielekea shimoni na nimwombee aingie. Nimekubali, kwa sababu si jina langu peke yake, ni jina la watoto ishirini na wawili ambao hawakuiba kitu.

Alhamisi, Julai 17

Habari zimefika darasani kabla yangu. Nimewaambia tu kwamba Kiragu anakuja Jumatatu na kila atakayeitwa achore kama siku zote. Hakuna aliyecheka. Musembi aliuliza, "Mwalimu, kwani tulikosa wapi?" Nikasema sitasema. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Alinitazama kana kwamba nimehama upande.

Baada ya masomo Ndila alibaki. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Mchoro ni wangu," alisema. "Nitasema ni mimi niliwaonyesha kwa mtihani. Wafute yangu peke yake. Hao wengine wabaki na zao."

"Uliwaonyesha?"

"Hapana."

"Basi utasema uongo mbele ya mgeni kwa jina la shule yangu?"

Machozi yakamtoka. Nami nikalia, ndiyo, nikiwa nimekaa pale na faili mbele yangu. Nikamwambia Jumatatu ataenda atachora kilima chao mahali kilipo, na asikihamishe hata inchi moja kwa ajili ya mtu yeyote. Alifuta uso kwa mkono wa sweta akaenda.

Ijumaa, Julai 18

Kalunde amekuja shuleni. Alisimama langoni na gauni la kanisani. "Mwalimu," akaniambia, si mama Muindi, na neno hilo lilinichoma. "Mtoto wangu si mwizi."

"Najua."

"Kama unajua, mbona huendi kusema?"

Nilimwambia kuna jambo nimekatazwa kusema, na kulinyamazia ndiko kutakakomsaidia. Alinitazama sana. Halafu akasema, "Sijaelewa. Lakini mwethya ya kesho njoo," akaenda zake.

Mchana nilimkuta Musembi amefungua kitabu kwenye sura ya pembe butu, kidole chake kiko mistari miwili tu kutoka kwenye jambo lenyewe. Nikamtuma akaniletee chaki. Akaleta. Nikamtuma sifongo. Akaleta. Nikamtuma akaangalie kama tangi lina maji. Aliporudi kengele ilikuwa imelia, Mungu ni mwema. Sijawahi kumficha mtoto elimu na sitaki kurudia.

Jumapili, Julai 20

Kanisani sikusikia mahubiri. Baridi.

Jumatatu, Julai 21

Kiragu alifika mapema, amevaa koti na kofia ya sufu. Alitwaa darasa la kidato cha pili liwe chumba cha majaribio. Levi aliingia naye kuwa shahidi. Mimi niliambiwa nikae mbali. Nilikaa karibu na tangi la maji, ambako ni mbali kwa macho lakini si kwa masikio, maana dirisha la darasa lile nalo halina vioo. Wanaotoka walipitia mlango wa nyuma hadi maktaba wasionane na wenzao.

Nilikuwa nimeomba aanze na Musembi. Kiragu alitupia macho orodha ya majina akasema, "Ndila."

Alimpa kwanza pembe ndogo: kosaini yake ni mbili juu ya saba, tafuta saini. Nilisikia chaki. Kisha sauti ya Ndila, ndogo lakini imenyooka: "Sakafu mbili, mteremko saba. Inajengeka. Ukuta ni kipeuo cha arobaini na tano. Kwa hivyo saini ni tatu mara kipeuo cha tano, juu ya saba."

Nilishika tangi kwa mikono yote miwili.

"Sawa. Sasa hii," Kiragu akasema. "Pembe ni butu. Saini yake ni nane juu ya kumi na saba. Kosaini?"

Chaki ikaanza tena. Niliujua kila mlio. Huu ni ukuta. Hii ni sakafu. Hiki ni kijembe. Nilikuwa nimesali asubuhi nzima bila kujua nasali nini, sasa nilijua. Nilikuwa naomba mwanafunzi wangu akose. Kosa, Ndila. Kosa mama, kosa kama ulivyokosa.

"Mteremko kumi na saba, ukuta nane," alisema. "Inajengeka. Sakafu ni kumi na tano. Kosaini ni kumi na tano juu ya kumi na saba."

Hakusema hasi. Nilikaa chini kwenye matope pale pale na sketi yangu ya kijivu.

Nilidhani atamwachilia. Lakini Kiragu alisema, "Una uhakika?"

"Niko na uhakika."

"Nichoree sasa pembe ya kawaida, chini ya tisini, yenye saini hiyo hiyo."

Chaki. Kisha ikasimama katikati. "Ni hii hii," Ndila akasema taratibu.

"Pembe mbili tofauti zina mchoro mmoja?"

Levi alikohoa, nikasikia Kiragu akimnyamazisha. Halafu nikasikia chaki ikivutwa kwa mstari mrefu, kutoka mwisho mmoja wa ubao hadi mwingine.

"Kama nimesimama hapa, kwa pembe, hapa ndiyo sufuri," alisema Ndila. "Kulia ni chanya. Kilima chetu kiko kushoto." Nikasikia hatua zake. "Kushoto ni hasi. Aiya! Sakafu yetu iko upande wa hasi! Sisi wote tumekaa upande wa hasi tangu Mei!"

Chaki ikapiga ubao mara moja, kwa nguvu, mstari mmoja mfupi. Alama ya kutoa.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikutarajia. Kiragu alikuwa anacheka. Si kicheko cha kumcheka mtoto. Alicheka kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazipata. "Hiyo kila mwaka ninaifundisha," alisema, "na hakuna mtoto amewahi kuniambia hivyo."

Aliwaita wengine wanne, kila mmoja na namba zake. Wote walichora kilima cha kina Ndila, wote wakakosa hasi. Musembi alikosa kwa kujiamini kabisa kisha akamuuliza Kiragu, "Kwani kuna shida?"

Kiragu alipotoka alinikuta bado nimeketi kwenye matope. Alinipa mkono kunisimamisha. Mkono wake ulikuwa umejaa chaki kuliko wangu. Nimemwona vibaya mtu huyu tangu Juni. Angeweza kuandika neno moja kwenye karatasi akiwa mjini, na badala yake amepanda mlima huu mara mbili katika baridi ili awasikilize watoto wa shule ya kutwa.

"Unaweza kuwafundisha sasa," alisema. "Haraka, tafadhali, nimechoka kuwasikia wakikosa."

Jumanne, Julai 22

Ndila amefundisha somo la leo, mimi nimekaa nyuma kwenye dawati lake karibu na dirisha. Upepo wa pale ni mkali. Sikujua.

Ijumaa, Julai 25

Ripoti imefika. Levi aliileta mwenyewe mpaka darasani, hakumtuma mtu. Hisabati ya kidato cha nne imerudishwa yote. Alama za swali la kumi na nne zimekatwa kwa wote, kama inavyostahili, na wastani umetua kwenye C, si juu yake wala chini yake. "Darasa ni lako, Mwalimu," alisema mbele ya watoto. Akawageukia. "Na mimi niliwashuku. Mnisamehe." Hilo lilihitaji moyo, na nimeliweka hapa ili siku nyingine akiniudhi nilisome.

Nilimwomba ripoti niisome mwenyewe. Ni karatasi moja, mwandiko mdogo wa kalamu nyekundu. Kiragu hakuwasifu watoto. Hakunisifu mimi wala mwethya. Amezitaja karatasi zote ishirini na mbili, akataja swali la kumi na nne, na chini ya sehemu iliyoandikwa "Uamuzi" ameweka maneno machache, ambayo niliyasoma darasani kwa sauti, nikasimama, nikayasoma tena kwa sababu Ndila aliomba:

"Kosa hili ni lao wenyewe."

Wakapiga makofi mpaka kidato cha tatu wakaja kuchungulia.